MSALABA KATIKA NJIA YA UJIJI: SANAA YA KIKRISTO, HISTORIA YAKE NA MAANA YAKE KWA USHARIKA

Usharika unapotimiza miaka mia moja, yapo mambo ambayo hufanyika karibu kila mahali. Kanisa hupakwa rangi upya. Kitambaa kipya cha madhabahu hushonwa. Msalaba wa zamani hupigwa msasa na vanishi, na jiwe la kumbukumbu huwekwa ukutani likiwa na tarehe na majina. Kazi hizi kwa kawaida hukabidhiwa kamati ya ujenzi au kamati ya mapambo, kana kwamba ni shauri la fundi na bei peke yake. Kumbe kila moja ni sanaa ya Kikristo, na kila moja inasema jambo juu ya imani ya waliyoiweka. Watoto watakaosoma mafundisho ya Kipaimara miaka hamsini ijayo hawatazisikia hotuba za sikukuu hii, lakini wataiona kazi iliyobaki ukutani.

Makala hii inaeleza kwa ufupi historia ya sanaa ya Kikristo, tangu Maandiko hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, ikifuata zaidi njia moja inayoujua sana mji wa Ujiji: njia ya misafara iliyotoka ziwani, ikapita Tabora na kufika Bagamoyo na Unguja. Katika njia hiyo ziliachwa kazi chache za mbao na mawe ambazo zinafundisha sanaa ya kanisa ni nini, na inapaswa kumkumbuka nani.

Maandiko na kanisa la kwanza

Wako Wakristo wanaodhani kwamba Biblia inakataza kila picha na kila kinyago. Ni kweli kwamba katika Kutoka 20 Waisraeli walikatazwa kujifanyia sanamu za kuabudu. Lakini katika kitabu hicho hicho, sura ya 25, Musa aliagizwa kutengeneza makerubi ya dhahabu juu ya kiti cha rehema, na katika sura ya 31 Bwana alimwita Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, akamjaza roho yake ili awe na akili na ujuzi wa kufua dhahabu, kukata mawe na kuchora miti. Oholiabu wa kabila la Dani aliwekwa pamoja naye. Hivyo fundi ametajwa kwa jina lake, jina la baba yake na kabila lake. Maandiko hayakumwacha mtu wa mikono asijulikane.

Historia ya nyoka wa shaba inaonyesha hatari na faida kwa pamoja. Katika Hesabu 21 nyoka yule aliinuliwa kwa amri ya Mungu, na waliomtazama wakapona. Baada ya miaka mingi watu wakaanza kumfukizia uvumba, ndipo mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande, kama ilivyoandikwa katika 2 Wafalme 18. Kitu kilichokuwa kimeelekeza macho kwa Mungu kilikuwa kimeyazuia macho yaishie kwake. Hata hivyo Bwana Yesu mwenyewe, katika Yohana 3, alimtaja nyoka huyo kuwa mfano wa kuinuliwa kwake msalabani.

Wakristo wa kwanza nao walichora. Katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma, hasa katika karne ya tatu, walichora Mchungaji Mwema aliyebeba kondoo mabegani, nanga, Yona na samaki. Samaki alikuwa alama ya imani kwa sababu herufi za jina lake kwa Kiyunani ni herufi za mwanzo za maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Watu wa Kigoma, wanaoishi kwa dagaa na migebuka na kuzijua taa za wavuvi usiku, hawahitaji maelezo marefu kuielewa alama hiyo. Picha ya Kristo msalabani haikuonekana mapema, kwa kuwa msalaba ulikuwa bado adhabu ya aibu mbele ya macho ya watu. Mojawapo ya michoro ya kale kabisa ya kusulibiwa imechongwa katika mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina huko Roma, wa mnamo mwaka 430.

Baadaye kanisa la mashariki liligawanyika vibaya juu ya picha, na watu waliteswa kwa ajili yake. Mtaguso wa pili wa Nikea wa mwaka 787 uliamua kwamba picha inaweza kupewa heshima, bali ibada ni ya Mungu peke yake. Afrika nayo haikuwa mbali na mambo hayo. Katika kanisa kuu la Faras huko Nubia, Wakristo weusi walichora watakatifu na maaskofu wao ukutani kuanzia karne ya nane; michoro hiyo iliokolewa kutoka mchangani katika miaka ya 1961 hadi 1964, kabla eneo hilo halijafunikwa na maji ya bwawa la Aswan. Na huko Lalibela, Ethiopia, makanisa mazima yalichongwa katika mwamba. Asemaye kwamba sanaa ya Kikristo ni mali ya Ulaya iliyoletwa Afrika hajaisoma historia yote.

Martin Luther na suala la picha

Kwa Walutheri suala hili liliamuliwa mapema sana. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Luther akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, Andreas Karlstadt na wenzake waliwahimiza watu wa Wittenberg kuziondoa picha makanisani, na baadhi ya watu wakazivunja. Luther alirudi mwezi Machi, na kuanzia Jumapili ya tarehe 9 Machi alihubiri hotuba nane mfululizo. Alifundisha kwamba picha si za lazima wala hazikukatazwa, na kwamba afadhali zisingekuwapo kama zinaabudiwa. Lakini alikataa kabisa zivunjwe kwa nguvu. Sanamu, alisema, huondolewa kwanza moyoni kwa mahubiri ya Neno. Ikiisha kuondoka moyoni, ile ya ukutani haina nguvu tena. Mwaka 1525 alikwenda mbele zaidi. Alieleza kwamba mtu asikiapo habari za mateso ya Kristo, moyo wake huchora mtu aliyetundikwa msalabani, apende asipende. Ikiwa si dhambi kuwa naye moyoni, kwa nini iwe dhambi kumwona kwa macho?

Hii ndiyo sababu Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila Mlutheri huisoma kabla ya Kipaimara, haina amri ya pekee kuhusu sanamu. Katazo hilo limo ndani ya amri ya kwanza, yaani kutokuwa na miungu mingine. Makanisa mengine ya Kiprotestanti yamelihesabu kuwa amri ya pili, na wengi wao wameziacha kuta zao tupu. Mlutheri hulazimika kuuliza swali tofauti. Haulizi tu kama kuna picha, bali picha hiyo inaupeleka moyo wapi.

Jibu la Wittenberg linaonekana katika altare iliyochorwa katika karakana ya Lucas Cranach na kuwekwa katika kanisa la mji mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya Luther kufariki. Katika sehemu yake ya chini Luther yuko mimbarani, mkono mmoja juu ya Biblia, na mkono wa pili umenyooshwa kumwonyesha Kristo aliyesulibiwa. Upande wa pili wamekaa washarika, wanawake, wanaume na watoto, wenye sura za watu halisi wa mji ule. Mchoro huo unaweza kuchukuliwa kuwa kipimo cha sanaa ya kanisa la Kilutheri. Katikati yupo Kristo, Neno linahubiriwa, na watu wenyewe wamo ndani ya picha.

Wachongaji wa mwambao kabla ya misioni

Injili ilipofika Ziwa Tanganyika haikukuta watu wasiojua kuchonga. Katika pwani ya magharibi, ng'ambo ya Karema, Watabwa walichonga miti kwa ustadi mkubwa. Sanamu zao, zilizoitwa mikisi, zilikuwa za wahenga wa ukoo, na kwa kuzitazama mtu alijua yeye ni wa nani. Mojawapo ni sanamu ya mtemi Lusinga. Mwezi Desemba 1884 watu wa Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, walimshambulia Lusinga, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa watumwa, wakamwua na kumkata kichwa. Sanamu yake ilichukuliwa, na mwishowe ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka uliofuata vituo vya Mpala na Karema vilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe.

Tukio hilo linasaidia kueleza jambo lililotokea mahali pengi. Wamisionari wengi, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, waliziona kazi za mikono ya wenyeji kuwa za ushirikina tu, na Wakristo wapya wakafundishwa kuzitupa. Kwa upande mmoja hawakukosea, kwani mtu hawezi kuwatumikia mabwana wawili. Lakini pamoja na sanamu, mchongaji naye alitupwa nje. Mahali pake pakajazwa na picha zilizochapwa Ulaya, ambazo Yesu alikuwa na nywele za dhahabu na wanafunzi walivaa kama wakulima wa Ujerumani. Bezaleli wa ziwani hakupewa kazi hemani.

Picha zilizokuja na wageni

David Livingstone alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia picha za Biblia katika Afrika ya kati. Alisafiri na taa ya kuonyesha picha ukutani. Mwezi Januari 1854, katika baraza la mtemi Shinte, alionyesha picha ya Ibrahimu aliyeinua kisu juu ya Isaka. Alipoisogeza picha, kisu kilionekana kama kinawajia watazamaji, na wanawake wakakimbia kwa hofu. Hata hivyo Livingstone aliandika kwamba hakuna fundisho jingine ambalo watu walimsihi alirudie kama hilo, na kwamba walitoka mbali kuja kuona picha na kusikia maelezo yake. Tangu mwanzo, basi, ilidhihirika kwamba picha ina nguvu kuliko maneno matupu, na kwamba picha isiyofafanuliwa huweza kutisha badala ya kufariji.

Livingstone alifika Ujiji kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1869, akiwa mgonjwa. Alirudi Oktoba 1871, baada ya kushuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe, katika Kongo. Mwezi Novemba mwaka huo Henry Morton Stanley alimkuta hapo. Wa kwanza kumsalimu Stanley alipoingia mjini alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na mwenzake Chuma alikuwapo pia. Miaka michache baadaye misioni zenyewe zilifika: London Missionary Society mwezi Agosti 1878, na Mapadre Weupe mwezi Januari 1879. Ujiji wakati huo ulikuwa mji wa Waislamu na wafanyabiashara, na mwanzo wa njia ambayo watumwa na pembe za ndovu walipelekwa pwani.

Mnara wa Ujiji

Katika utawala wa Waingereza palijengwa mnara wa mawe mahali ulipokuwa mwembe ambao, kwa simulizi, Livingstone na Stanley walikutana chini yake. Mwembe wa kale ulikuwa umekufa, na miembe iliyopo sasa inasemekana ni ya uzao wake. Juu ya mnara imechongwa ramani ya Afrika, na juu ya ramani hiyo msalaba. Maelfu ya wanafunzi na wageni wamesimama mbele yake, na bila shaka ndiyo kazi ya mkono yenye alama ya Kikristo inayojulikana zaidi katika Kigoma yote.

Mnara huo ni wa kuheshimiwa, maana Livingstone alitumia nguvu zake za mwisho kupiga kelele dhidi ya biashara ya watumwa. Lakini ukipimwa kwa kipimo cha Wittenberg, una upungufu. Afrika yote imelala chini ya msalaba, wala haina hata uso mmoja wa Mwafrika. Kinachotukuzwa ni kukutana kwa Wazungu wawili. Msalaba uliowekwa juu ya ramani huweza kusomwa kwa namna mbili: kwamba Kristo ameibeba Afrika, au kwamba wenye msalaba wameitwaa Afrika. Waislamu wa Ujiji wamekuwa na haki ya kuuliza ni usomaji upi uliokusudiwa. Kazi ya sanaa isiyoweka wazi jambo hilo huliachia kanisa deni la kulieleza kila kizazi.

Mti wa Chitambo

Kazi ya pili ya njia hiyo ilifanywa na mikono mingine. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake waliamua kuupeleka mwili wake pwani. Waliutoa moyo wake na kuuzika chini ya mti mkubwa, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Wainwright alikuwa Myao. Alikombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, India, na alikuwa mmoja wa watu waliotumwa kumfuata Livingstone baada ya Stanley kuondoka.

Kisha Wainwright akaombwa achonge maandishi katika shina la mti ule. Alichonga jina la marehemu, tarehe ya mwezi huo wa Mei 1873, na majina ya baadhi ya wakuu wa msafara. Jina lake mwenyewe halimo. Karibu na hapo wenzake walisimamisha nguzo mbili nene na mti wa tatu juu yake, kwa mfano wa miimo ya mlango na kizingiti cha juu, wakazipaka lami zisioze. Hakuna aliyeandika kwamba waliifikiria Pasaka, na katika msafara ule Waislamu na Wakristo walikuwa pamoja. Lakini msomaji wa Kutoka 12 hawezi kuipita habari hiyo bila kukumbuka miimo miwili na kizingiti cha juu cha nyumba za watumwa waliokuwa karibu kutoka Misri.

Baada ya hapo waliubeba mwili kwa muda wa miezi tisa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, na maziko yalifanyika katika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili mwaka huo. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza. Baadaye alirudi katika njia ile ile ya misafara, akafariki Urambo mwaka 1892, mahali ambapo leo abiria wa treni ya Kigoma hupita. Chuma alifariki mwaka 1882. Susi, aliyekuwa Mwislamu, alibatizwa Unguja mwaka 1886 na kupewa jina la David.

Mti wa Chitambo ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kutoka mbao za mti huo ulitengenezwa pia msalaba unaoning'inia katika Kanisa Kuu la Kristo huko Mkunazini, Unguja. Kanisa hilo la Kianglikana lilijengwa chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Kwa mapokeo ya kanisa hilo, madhabahu imesimama palipokuwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko.

Hapa sanaa ya Kikristo inafikia kiini chake. Msalaba wa Unguja ni vipande vya mti wa msituni, wa miombo kama ile inayojulikana katika Kigoma na Tabora. Hauna dhahabu. Uzito wake unatokana na mahali ulipotoka na mahali ulipowekwa. Mti uliosikia ibada ya maziko ikisomwa na mtu aliyekuwa mtumwa umesimama katika uwanja ambako watu waliuzwa. Anayeutazama hawezi kumwona Livingstone peke yake. Huwaona waliombeba, na nyuma yao huwaona wale waliotembea katika njia ile ile wamefungwa shingo, ambao majina yao hayakuchongwa popote.

Kwa ajili ya hao wa mwisho, mwaka 1998 mchongaji Clara Sörnäs kutoka Sweden alitengeneza sanamu zilizowekwa katika kiwanja cha kanisa hilo. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, wameunganishwa kwa minyororo halisi ya zama zile. Mtazamaji husimama juu na kuwaangalia chini. Hakuna tamko la ushindi pale, wala mkombozi wa kigeni. Ipo kweli tu, na kimya. Sanaa ya kanisa inayo ruhusa ya kuomboleza, kama Zaburi zinavyoomboleza.

Ukuta uliochorwa na wenyewe

Inabaki kazi ya kumchora Kristo mwenyewe kwa macho ya watu wa Afrika Mashariki. Katika hilo jina lisiloweza kuachwa ni Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 Marangu, Kilimanjaro, katika nchi iliyohubiriwa na misioni ya Kilutheri ya Leipzig, na kusoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano katika kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau. Picha hizo ni za Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulibiwa. Watu wake ni weusi, na vilima vyake ni vya nchi ile ile inayoonekana mtu akitoka mlangoni. Baadaye Njau, aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa fundisho lake kwamba kunakili kazi za wengine ni kumlaza Mungu usingizi.

Karibu zaidi na Kigoma, huko Bujora, Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alijenga katika miaka ya 1950 kanisa lililofuata alama za Wasukuma, na mahali patakatifu pakapewa heshima ya enzi ya mtemi. Hapo swali la Lusinga na wahenga lilipata jibu jingine. Alama za wazee hazikutupwa wala hazikuabudiwa. Ziliwekwa chini ya Bwana mmoja na kupewa kazi mpya.

Wako wanaopinga wakisema Yesu alikuwa Myahudi, na kumchora kama Mha au Mkikuyu ni kusema uongo. Hoja hiyo ni ya haki, lakini haiwezi kutumiwa upande mmoja tu. Cranach naye alimchora katikati ya Wajerumani, na picha za kuchapwa zilizoletwa na misioni hazikuwa na sura ya Myahudi wa Galilaya. Kinachokiriwa katika michoro hii yote si rangi ya ngozi ya Yesu, bali kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, na kwetu ni pamoja na hapa.

Maana yake kwa usharika

Kutokana na historia hii usharika unaweza kuchukua mambo matatu.

La kwanza, kazi yoyote inayowekwa kanisani na imwonyeshe Kristo aliyesulibiwa na kufufuka, kama kidole cha Luther katika altare ya Wittenberg. Ikimtukuza mfadhili au kiongozi kuliko Kristo, imekuwa nyoka wa shaba, hata kama ni nzuri.

La pili, kazi hiyo na itoke kwa watu wenyewe. Mninga upo, na mafundi wanaoujua wapo. Wapo akina mama wanaoshona na kudarizi, na vijana wanaochora majina ya boti huko mwaloni kwa herufi ambazo msomi wa chuo angezistaajabia. Ni ajabu kwamba kijana huyo huitwa kuandika jina la chombo cha uvuvi, wala haitwi kuandika neno la Mungu juu ya tao la kanisa lake. Samaki, mtumbwi na taa ya usiku ni alama za Injili zilizomo tayari mikononi mwa watu wa ziwa.

La tatu, na ndilo gumu zaidi, sanaa ya kanisa na iseme kweli juu ya walioibeba kazi. Mawe mengi ya msingi katika Tanzania yana jina la mgeni rasmi aliyeyaweka, bila jina la mtu hata mmoja kati ya waliosomba mchanga na maji. Wainjilisti waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, wanawake waliofyatua tofali baada ya kutoka shambani, na mafundi waliopaua kwa ujira mdogo au bila ujira, wamebaki katika kumbukumbu za wazee wachache, nao wanapungua kila mwaka. Mungu alimtaja Bezaleli kwa jina, na Wainwright, mwenye kisu mkononi na mti mbele yake, aliona vema kuchonga majina ya wenzake kando ya jina la bwana mkubwa.

Kwa hiyo jiwe la miaka mia moja lisiwekwe kwa haraka. Kabla ya fundi kuitwa, wazee wa kanisa na wakae na wakongwe wa usharika, nyumba kwa nyumba, wakusanye majina yanayoweza kukusanywa, ya wanawake kama ya wanaume, na yachongwe. Kwa wale ambao majina yao hayapatikani tena, mstari mmoja na uachwe katika jiwe bila maandishi, ili msomaji ajue kwamba walikuwapo, na kwamba Bwana anayazijua majina yao. Jiwe la namna hiyo, likiwa na msalaba juu yake, litakuwa sanaa ya Kikristo kwa maana kamili ya neno hilo.